Sekunde Tatu

Mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la pili nchini walipimwa usomaji kwa njia iitwayo EGRA. Mtoto anasoma kwa sauti mbele ya mpimaji huku saa ikihesabu. Kwa kanuni ya kawaida ya kipimo hicho, akikwama sekunde tatu mpimaji anamwelekeza aendelee, na pale alipokwama panahesabiwa kosa.

Sababu yake ni njema. Bila kanuni, mpimaji mpole wa Mtama angesubiri, mwenye haraka wa Dodoma asingesubiri, nasi tungekuwa tumepima tabia za wapimaji.

Lakini je, sekunde zilezile ni haki ileile? Huku kwetu Mtama watoto wengi hukua wakisikia Kimwera au Kimakonde nyumbani, na hufunzwa kutomjibu mtu mzima kwa papara. Anayenyamaza mbele ya mgeni huenda hajui. Huenda pia anajua, ila ana adabu. Fomu haina mahali pa kuandika adabu.

Watafiti hujibu kwamba makosa ya mtoto mmoja mmoja humezwa na wingi: huyu kapunjwa, yule kazidishiwa, wastani unakaa sawa. Nakubali nusu. Nusu nyingine wanaijua wakulima wa korosho. Mizani inayoyumba, leo juu kesho chini, huenda ikajifidia kufikia mwisho wa msimu. Mizani inayopunja kilo mbili haiyumbi kabisa. Inatoa jibu lilelile kila gunia, na kadiri unavyopima ndivyo unavyozidi kuibiwa. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huikagua kwa mawe yenye uzito unaojulikana.

Kimya cha adabu hupunja hivyohivyo. Hakitawanyiki nchi nzima. Huelemea zaidi watoto wa lugha fulani na malezi fulani, kisha takwimu zinasema watoto wa kule ni wazito.

Sisemi tuitupe saa. Nasema kipimo nacho kikaguliwe: baadhi ya watoto wasomeshwe tena na mtu waliyemzoea, bila kuharakishwa, na tofauti itangazwe pamoja na matokeo. Na namba iliyokusudiwa kueleza maelfu isitumike kumhukumu mmoja. Mpimaji akimwambia mama, "Mwanao hajui kusoma," amesema zaidi ya alichokiona. Alichokiona ni kwamba mtoto hakusoma, siku ile, mbele yake.