Injini Ibaki Juu

Wajukuu zangu, nasikia mkaguzi wa migodi anakuja Alhamisi. Tangu asubuhi nawaona mnavyohangaika. Mmoja kaenda kuazima kofia ngumu kwa majirani, mwingine anafagia mdomo wa duara, shimo letu la mgodi, kama anayesubiri wakwe. Na ile pampu ya petroli mmeipandisha juu usiku. Winchi ilikuwa inalia, nami nilikuwa macho.

Siwagombezi. Hayo niliyafanya mimi mwenyewe, humu humu Rwamgasa, nilipokuwa fundi wa pampu na mipira. Duara letu lilikuwa limeshuka sana, na maji hayakukauka hata kiangazi. Mkaguzi alikuta matimba ya kuzuia kuta yamenyooka, kila mtu ana kofia, injini ya pampu haionekani. Akaandika, akaondoka. Jioni tukaishusha tena, mimi ndiye niliyefunga kamba. Siku ya tatu kijana mmoja alishuka kuongeza mafuta, hakujibu alipoitwa. Mwenzake akamfuata kwenda kumtoa. Tuliwatoa wote wawili kwa kamba, hawakuwa na jeraha hata moja. Mkaguzi hakudanganyika peke yake siku ile. Na sisi tulijidanganya.

Sikilizeni kwa nini injini hushushwa, maana mwenye duara atawaambia ni lazima. Pampu ya kufyonza ikikaa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya mita saba au nane. Hata ununue mpya, hata uongeze moto, haitavuta; ndivyo nguvu ya hewa inayosukuma maji ilivyo na mpaka wake. Basi watu huyafuata maji na injini yao, na moshi wake unakosa pa kutokea. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, unadhani ni uchovu.

Msiutegemee mshumaa. Najua mnaushusha, ukiwaka mnasema kuna hewa. Mshumaa hukwambia oksijeni ikipungua, lakini kaboni monoksaidi inaweza kukuua huku mshumaa unawaka vizuri kabisa. Laiti hili ningelijua wakati ule.

Dawa yake ni pampu ya umeme ya kuzamisha majini, na jenereta ikae juu, mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo hauurudishi moshi ndani. Ni ghali, nakubali. Changeni, au mwambieni mwenye duara akate gharama yake kwenye viroba vya mawe kabla ya mgao. Mpira wa hewa safi nao ufike hadi chini kabisa wanakogonga mwamba, usiishie katikati kwa kuwa klipu za kuungia zimekwisha. Na mwenzenu akianguka chini, asishuke mtu kwa huruma. Kwanza pulizeni hewa, atakayeshuka afungwe kamba.

Bomba linalofika chini huokoa. Wenzetu wa Nyarugusu, Januari 2017, watu 15 walifukiwa mgodini. Walitoka wote hai baada ya siku tatu, na kabla hawajafikiwa chakula kilipita kwenye bomba. Mimi fundi wa mabomba habari ile ilinitoa machozi.

Turudi kwa mkaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na kanuni za usalama migodini ni za 2010. Mkaguzi ana haki ya kuingia, kuuliza na kufunga duara. Mnaogopa hilo la kufunga. Lakini mtu huyu amesomea hewa na miamba, na amefika mlangoni kwenu. Mnamfichaje ugonjwa mganga? Mwonyesheni injini ilipokuwa inakaa. Mwonyesheni na ule ufa wa upande wa mashariki mlioufunika kwa matimba mapya, nimeuona. Akisema msishuke wiki mbili, njaa ya wiki mbili tutaibeba pamoja, kwangu kuna mihogo.

Tena msimngoje yeye. Anakuja mara chache, ninyi mnashuka kila siku. Kesho alfajiri, kabla winchi haijazungushwa, njooni na daftari la majina ya wanaoshuka. Tutaanza na mpira wa hewa, tuupapase klipu kwa klipu.