Swali la Dirishani

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenye afisi moja hapa Mombasa inayoandikisha vijana kwa ufadhili wa kusomea ufundi. Foleni ilikuwa ya wanaume watupu, yapata thelathini. Dirisha lilikuwa la kioo, na chini yake kitobo cha kupitishia karatasi, kwa hivyo ukitaka kusikizana na karani ni lazima mpaze sauti nyote wawili. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Karani, binti mpole aliyechoka, hakuwapa vijana wajaze wenyewe. Aliwasomea maswali kwa Kiswahili na kutia alama yeye, kazi iende. Jina. Umri. Mtaa. Kidato. Akafika swali la kumi na nne, akasita kidogo, kisha akasema: "Wapenda wake au waume?"

Kijana wa mbele akadhani hakusikia vizuri. "Ati?" Karani akarudia kwa sauti zaidi, maana feni ilikuwa ikinguruma. Foleni nzima ikanyamaza. Nyuma kabisa mtu akacheka. "Wake!" akasema kijana, akageuka akatutazama sisi, akaongeza, "Wake, wake," kama anayeapishwa mahakamani.

Baada yake hakukuwa na haja ya kuuliza. Kila aliyefika dirishani alitaja kidato chake na papo hapo akajitolea: "Na ni wake." Mpwa wangu, miaka 19, naye akasema hivyo hivyo, nami nimesimama kando yake nikitazama sakafu. Ukilifungua jedwali la siku ile utakuta vijana wote wako upande mmoja. Mfadhili aliye ng'ambo ataliita takwimu. Mimi niliona likiandikwa, na kilichopimwa pale ni woga.

Jioni nilimsimulia shemeji yangu, baba yake mpwa wangu, mwalimu mstaafu. Hakushangaa. Alipuliza kahawa yake akasema: "Sasa shemeji, kama mtu hana la kuficha, kinamuuma nini kujibu?"

Tangu siku ile sijalala vizuri na sentensi hiyo. Utambulisho ni nini na mwelekeo wa kimapenzi ni nini, sitaingia humo; msomaji ana maana zake, na kwa shughuli hii zinatosha. Najua pia hoja za haki zilizopo upande wa pili: asiyehesabiwa hapangiwi dawa wala bajeti, na ubaguzi usiokuwa na takwimu hukanushwa kwa urahisi. Nazikubali. Ya shemeji ndiyo isiyonipa raha.

Kwanza inachanganya mambo mawili ambayo lugha yetu haijawahi kuyachanganya, kuficha na kusitiri. Mwizi huficha. Mtu mwenye heshima zake husitiri. Nenda Lamu uitazame nyumba ya mawe ilivyojengwa: ina daka kwa mgeni wa njiani, ina kiwanda, yaani ua wa ndani, ina misana, yaani kumbi nyembamba, na kule mwisho kabisa ina ndani. Wajenzi wale hawakuwa na uhalifu wa kufunika. Walijua tu kwamba si kila anayeketi dakani amepewa ruhusa ya kufika ndani, na kwamba kuna mambo ya halali kabisa, ya mume na mke, ya mgonjwa, ya maiti anayeoshwa, ambayo yakitolewa dakani huharibika. Shemeji mwenyewe ana watoto sita. Hana la kuficha katika namna walivyopatikana, lakini karani akimuuliza habari hizo mbele ya foleni, nadhani kahawa itamwagika.

Pili, anadhani swali ni lile lile popote linapoulizwa. Fomu ile, kwa sura yake, imetoka mahali kama Uingereza, ambako waajiri na mashirika wamezoea kuuliza mambo haya ili kujua kama wanambagua mtu. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 iliuliza kwa mara ya kwanza kuhusu mwelekeo wa kimapenzi na kuhusu utambulisho wa kijinsia. Iliwauliza wenye miaka 16 na zaidi, kwa hiari. Anayejibu kule ana sheria ya usawa ya mwaka 2010 nyuma yake. Anayejibu Mombasa ana kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono iitwayo kinyume cha maumbile, chenye kifungo cha miaka 14, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Wakili ataniambia kifungu kinaadhibu tendo na si hisia. Kweli. Lakini polisi wa doria hasomi kwa makini hivyo, wala wale vijana wa foleni hawakumngoja wakili. Kwa hiyo maneno yalivuka bahari yakiwa yale yale, lakini yalipofika hapa jibu moja lilikuwa alama kwenye karatasi na jibu la pili lilikuwa kama kukiri kosa. Utasemaje hapo kwamba mtu ameulizwa?

Hata kule kwenyewe jambo halikwenda sawa. Watu 262,000 hivi walihesabiwa kuwa utambulisho wao wa kijinsia unatofautiana na jinsi waliyoandikishwa wakizaliwa, na mitaa ya London yenye wahamiaji wengi, kama Newham na Brent, ikatokea juu kabisa. Baadaye watakwimu wenyewe wakakubali kwamba huenda baadhi ya wale ambao Kiingereza si lugha yao hawakulielewa swali.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, "huna la kuficha" ni maneno ya mtu anayedhani muulizaji hatabadilika. Wabelgiji katika miaka ya 1930 waliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Ilikuwa kazi ya afisi tu, na aliyejibu hakuwa na la kuficha. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, kitambulisho chenye neno lile lile kilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mjazaji alikuwa amemjibu karani, jibu likaja kusomwa na mwenye panga. Shemeji alipoyasikia haya alisema nimetia chumvi, kwamba fomu ya ufundi si kitambulisho. Pengine nimetia. Lakini sisi Waswahili wa pwani, ambao kwa miaka mingi tulidaiwa karatasi za babu na nyanya ndipo tupewe kitambulisho, ndio wa kuambiwa kwamba fomu ni fomu tu?

Kinachonichekesha, katika hasira hii, ni kwamba swali lile ni gumu kuliuliza kwa Kiswahili. Ukisema "amekuja," hujasema ni mume au mke. Ukisema "mpenzi wangu," umesema yote na hujasema lolote. Watunzi wa taarabu wameishi ndani ya nafasi hiyo muda mrefu: mpenzi ni ua, ni njiwa, ni lulu, ni chombo kilichopotea baharini. Kwenye harusi mwimbaji akifika mahali fulani, mama mmoja ataondoka kitini, atajitanda leso yake vizuri, atakwenda mbele polepole akitikisa noti mkononi, atamtuza mwimbaji na kurudi. Wote ukumbini wamejua kuna fumbo lililompata. Fumbo la nani? Hakuna atakayeuliza, na atakayeuliza ataonekana hajalelewa. Tena tazama neno shoga. Bibi yangu alimwita hivyo jirani yake wa miaka arubaini, mwanamke kwa mwanamke mwenzake, na halikuwa na ila. Leo ukimwita mwanamume neno hilo umemtukana. Neno ni moja. Kilichogeuka ni nani amwambia nani. Yule binti wa dirishani alipolitafsiri swali la kumi na nne hakuwa na neno lililotulia la kutumia, ndiyo maana akashika la sokoni.

Ningependa kuishia hapa nikiwa mshindi, lakini kuna jambo linaniharibia. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, sensa ya Kenya iliwapa nafasi kwa mara ya kwanza watu wenye jinsia mbili, na wakahesabiwa 1,524. Idadi ni ndogo katika nchi ya watu milioni 47, na naamini wengi hawakusema. Hata hivyo watu hawa ndio waliotaka kuulizwa. Miaka mitano kabla yake, Mahakama Kuu ilibidi iamue kesi ya mtoto ambaye kwenye karatasi zake za hospitali penye jinsi pametiwa alama ya kuuliza, na ambaye alikuwa hana cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto huyo, fomu yenye visanduku viwili tu ndiyo iliyokuwa ukuta. Kumwambia mamake habari za stara na nyumba za Lamu ingekuwa dhihaka.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Wanavyuoni wa fiqhi walimjua huntha, mtu mwenye jinsia mbili, karne nyingi kabla ya sensa yoyote, na katika mirathi wakamwekea hesabu yake. Walimuuliza kwa sababu fungu lake la urithi lilingoja jibu. Labda hapo ndipo penye tofauti: swali lililobeba haki ya mtu mkononi, na swali lililokuja mikono mitupu. Katiba yetu, ibara ya 31, inamlinda mtu asitakiwe bila sababu habari za jamaa yake au mambo yake ya faragha, na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inaliweka jambo hili la mwelekeo miongoni mwa habari nyeti. Lakini "bila sababu" ni mlango mpana. Mfadhili atasema sababu anayo: anataka kujua kama vijana wanaofukuzwa makwao kwa jambo hili wanafikiwa na fedha zake. Na kama kwenye foleni ile alikuwepo mmoja wa hao, je, ningetaka asiulizwe kabisa, au aulizwe mahali pengine na mtu mwingine? Nimejijibu mara mbili, na majibu hayakufanana.

Shemeji naye hajabadilika. Juzi kaniuliza mbona mimi nalishikilia hivi, nina la kuficha? Nikacheka, nikaona hata kicheko changu kimekuwa jibu.

Mpwa wangu alipata nafasi. Anaanza useremala mwezi ujao. Kwako wewe uketiye nyuma ya kioo, ambaye fomu hukuitunga na kuifuta huna uwezo: ukifika swali la kumi na nne, igeuze karatasi, mpitishie kalamu kwenye kitobo, kisha utazame pembeni.