Uwezo wa Pampu Umo Wapi?

Je, uwezo ni mali ya kitu chenyewe, au huzaliwa pale kinapokutana na vitu vingine? Swali hili la kale la falsafa lina jibu linaloweza kupimwa katika mfumo wa akwaponiki wa nyumbani. Humo pampu hupandisha maji ya tangi la perege hadi kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mboga, bakteria hugeuza amonia ya samaki kuwa naitreti, kisha maji huteremka yenyewe kurudi tangini.

Tuseme kwenye boksi la pampu pameandikwa lita 2000 kwa saa. Tarakimu hiyo ni ya kweli, ila ni ya pampu isiyoinua maji hata kidogo. Kadiri maji yanavyopandishwa ndivyo yanavyopungua, mpaka hufika kimo ambapo mota inazunguka na hakuna tone linalotoka. Jambo hili lastahili kutafakariwa. Kazi ya pampu hupatikana kwa kuzidisha wingi wa maji kwa kimo, na jawabu ni sifuri kwenye ncha zote mbili: pasipo kimo hakuna kilichoinuliwa, na kwenye kimo cha mwisho hakuna kilichofika. Uwezo unaozaa kitu umo katikati, ambako nguvu imepata mzigo wa kiasi chake.

Wanafalsafa wa Megara, katika Ugiriki ya kale, walidai kuwa kitu kina uwezo pale tu kinapotenda. Aristotle aliwapinga katika kitabu cha tisa cha Metafizikia: kwa hoja yao, mjenzi angepoteza ufundi wake kila anapopumzika. Pampu iliyozimwa, basi, haijapoteza uwezo. Lakini aliongeza kuwa uwezo wa kutenda huendana na uwezo wa kutendewa, na kwamba masharti ya kutenda yamo ndani ya maana ya uwezo wenyewe, hata hakuna haja ya kusema "ikiwa hakuna kizuizi". Kwa mtazamo huo, ambao ndio wenye nguvu zaidi, anayetaja uwezo wa pampu bila kutaja bomba lake hajamaliza sentensi.

Hata hivyo vikinzani havina hadhi sawa. Kimo cha kutoka tangini hadi kitandani ni sehemu ya kusudi la mfumo. Msuguano ndani ya bomba haumfai samaki wala mchicha. Chukua tangi la lita 500 ambalo maji yake yatazunguka mara moja kwa saa, kiasi kinachoshauriwa mara nyingi. Yakipita katika meta 5 za bomba la nusu inchi, msuguano hula nguvu ambayo ingeinua maji hayo zaidi ya nusu meta. Katika bomba la inchi moja, hasara haifiki sentimeta 3. Kwa mtiririko uleule, kipenyo kikiongezwa mara mbili, msuguano hushuka hadi karibu sehemu moja ya 32. Anayenunua pampu kubwa ili kulishinda bomba jembamba hulipia umeme kila saa kwa uamuzi wa siku moja dukani.

Wingi nao una mpaka. Sifoni ya kengele, inayojaza na kukausha kitanda kwa zamu ili mizizi ipate hewa, haianzi kuvuta maji yakiingia kidogo mno, wala haikatiki yakiingia mengi mno. Bomba la kurudishia husukumwa na uzito wa maji pekee, kwa hiyo huhitaji kuwa pana kuliko la kupandishia; likizidiwa, kitanda hufurika na tangi hukauka.

Hapo suala la uwezo huwa suala la wajibu. Perege wa ziwani akikosa hewa huhama. Wa tangini hana pa kwenda, na aliyemfungia amepokea amana. Amana hiyo haitimizwi kwa tarakimu ya boksi. Hupimwa kwa ndoo ya lita 20 na saa, mdomoni mwa bomba, mfumo wote ukiwa umeunganishwa: kwa lita 500 kwa saa, ndoo hujaa kwa sekunde 144. Ikichelewa, bomba, kona zake na uchafu uliomo ndivyo vya kukaguliwa kwanza, kabla ya pampu kulaumiwa.