Kivuli cha Alasiri

Msafiri afikaye Unguja na kamera yake mwanzoni mwa Machi au Oktoba, jua la adhuhuri lipitapo utosini na vivuli vyote kujikunyata miguuni pa wenyewe, na astahimili hadi alasiri, wakati ambao watu wa pwani, kwa madhehebu ya Shafii, waliutambua tangu kale pale kivuli kinapotimia urefu wa kitu chenyewe. Hapo ndipo nakshi za milango huchomoza. Magharibi ikikaribia, asimame Forodhani akilielekea jua, apime mwanga wa mbingu wala si wa nyuso: vijana warukao baharini watatokea weusi tititi, kila kiungo dhahiri, nami naipenda picha hiyo kuliko ya sura zilizoangazwa, kwa kuwa yadhihirisha mwendo wenyewe wa mwili.