Maji Niliyompa

Mtoto wa kaka yangu alinikuta barazani nikipepeta mchele. Akanishika mkono, "Shikamoo shangazi," nami nikaitikia marahaba huku nikimtazama macho, maana yalikuwa mekundu. Mkewe alikuwa amepasuliwa siku mbili nyuma, mimba ya wiki 34, presha 170 kwa 115. Mtoto mzima. Lakini usiku uliopita maji yalikuwa yamemjaa mama mapafuni, hawezi kulala chali.

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na makopo mawili, moja la vitamini C ya miligramu 1000, jingine la vitamini E. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba vinaziba mishipa inayovuja. Wodini wakamkatalia.

"Wewe ulikuwa mkunga miaka 31, shangazi. Manesi wanakusikiliza. Waambie. Ni vitamini tu, isipomfaa haitamdhuru. Na nia yangu Mungu anaijua."

Nikauweka ungo chini. Sisi tuliokulia vyuo vya Tanga, tangu hatujajua kuandika majina yetu, tumefundishwa kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Naliamini neno hilo mpaka leo. Lakini kuna usiku mmoja unaonizuia kulitumia kama alivyolitumia yeye.

Mwaka 1991 nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi, katika hospitali ya wilaya, mimi na mhudumu mmoja. Kitanda cha dirishani alilala binti wa miaka 19, mke wa mvuvi. Alikuwa amepata kifafa cha mimba mara mbili. Nyumbani walianza kwa kumfukiza, wakidhani amepandwa na pepo, ndipo wakamleta. Sindano ya magnesiamu hatukuwa nayo siku hizo, tulimtuliza kwa diazepamu, akajifungua jioni. Saa nane za usiku midomo ilimkauka, akaomba maji. Nikainama kutazama mfuko wa mkojo: kidogo sana, na mweusi kama chai ya rangi. Nikasema moyoni, huyu amekaukiwa. Nikaifungua dripu ikimbie. Ikaisha chupa, nikatundika ya pili, kisha ya tatu. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni juu ya kanga. Akaniambia, "Mungu akulipe mwanangu, unamnywesha mwenzio."

Kabla ya adhana ya alfajiri binti akaanza kukohoa. Akataka aketi, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Nilipoweka chombo kifuani pake nilisikia mlio kama wa samaki wanaokaangwa. Povu la rangi ya waridi likamtoka mdomoni. Alikuwa anazama kitandani, nchi kavu, kwa maji niliyompa mimi.

Kulipokucha alikuwa ameshafariki. Mama yake alinishukuru tena.

Baadaye nilijifunza kilichotokea. Ugonjwa huu, presha ya mimba inayoweza kufikia kifafa, huanzia kwenye kondo la nyuma, ukaharibu utando wa ndani wa mishipa midogo ya damu mwili mzima, mishipa ikawa kama chungu chenye ufa. Protini inayoyashika maji ndani ya damu hutoka na mkojo. Ndiyo maana mama huvimba miguu na uso, na bado ana kiu, na bado mkojo wake ni haba. Ukimwongezea maji hayatulii kwenye damu, yanafuata nyufa hadi mapafuni. Hatari huzidi akishajifungua, kwa kuwa yale maji yaliyotuama mwilini huanza kurudi kwenye mishipa, nawe unaongeza mengine juu yake. Siku hizi wakunga wanafundishwa kuhesabu kila tone, la kunywa na la dripu, jumla isizidi mililita 80 hivi kwa saa.

Nilikwenda kwa sheikh. Nikamuuliza kama ninawajibika kufunga miezi miwili mfululizo, kafara ya aliyeua bila kukusudia. Akafikiri siku mbili, akaniambia hapana, ulifanya kazi kwa elimu uliyopewa. Nilifunga hata hivyo.

Ni sheikh huyohuyo aliyenisimulia hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Dawud. Msafiri mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake: je, naruhusiwa kutayamamu kwa vumbi badala ya kuoga? Wakamwambia hapana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume alikasirika, akasema wamemuua. Kwa nini hawakuuliza kama hawajui, ilhali dawa ya kutojua ni kuuliza? Niliposikia mara ya kwanza nililia, kwa sababu ya maji. Mara ya pili ndipo nilipoona kwamba wale wenzake walikuwa watu wema. Walitaka ndugu yao aswali akiwa na tohara. Nia yao haikuwa na doa, na haikuwaokoa na lawama.

Basi nia ni nini? Nimekuja kuamini kwamba hatuielewi tunapoidhani kuwa ni lile joto la moyoni. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu aliye ugenini asiyejua kibla analazimika kuuliza au kutafuta alama. Akinyanyuka tu akaswali kokote, kwa moyo safi kabisa, swala yake anairudia. Kumbe kutafuta upande ni sehemu ya kunuia. Anayesema anataka mgonjwa apone, na hataki kujua kama anachompa kinaponya, bado hajakusudia apone. Amekusudia kujituliza. Mimi usiku ule nilijituliza kwa chupa tatu.

Wazo la vitamini halikuwa la kijinga, nami sitaki kulidharau. Mishipa ya hawa kina mama huliwa kama chuma kinavyoliwa na kutu, na vitamini C na E hujulikana kwa kuzuia kutu ya aina hiyo. Mwaka 1999 watafiti wa London walitoa matokeo ya wanawake 283: waliomeza vitamini hizo wengi zaidi walisalimika na ugonjwa. Nilipopata habari hizo nilifurahi, nikayafikiria machungwa ya Muheza, yanavyooza chini ya miti wakati wa msimu. Lakini watu wale hawakuishia kwenye furaha. Wakapima tena, Uingereza, wanawake 2,410, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba vitamini hazikupunguza ugonjwa, na kwamba watoto waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa wengi zaidi upande wa waliozimeza. Mwaka 2010 Marekani wakapima wanawake zaidi ya 10,000. Hapana tena. Shirika la Afya Duniani likashauri zisitumike kuzuia ugonjwa huu.

Fikiria mtu aliyelea tumaini lake miaka saba, akaliweka mwenyewe kwenye mizani, kisha akasimama mbele ya wenzake kusema limekuwa jepesi. Kwangu mimi hiyo ni ibada. Na mizani ileile ndiyo iliyotupa magnesiamu: mwaka 2002, katika nchi 33, wanawake zaidi ya 10,000, ikaonekana inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Wanawake 11,000 wa Dar es Salaam nao walikubali kupimwa kwa vidonge vya kalsiamu, na mwaka 2024 tukajua kwamba miligramu 500 kwa siku hazipitwi na 1500 katika kuuzuia ugonjwa huu. Hao ninawaombea dua kwa idadi yao, kwa kuwa majina siyajui.

Nilimwambia kijana: vitamini C ikizidi hugeuka oksaleti, nayo hutolewa na figo, na figo za mkeo zimechoka. Kwa hiyo neno "haitamdhuru" hujalipima. Siku itakapopimwa kwa mama mwenye maji mapafuni ikaonekana inayakausha, nitaibeba mwenyewe mpaka wodini. Leo hii wanachofanya wodini kina ushahidi. Wamemketisha, wamempa oksijeni, sindano ya furosemaidi inayotoa maji, dawa ya presha, na dripu wameifunga. Nia yako ipe kazi. Uliza kila saa mkojo umefika wapi. Na mwambie mama mkwe wako aache kumpenyezea madafu.

Akainamisha kichwa. Madafu yalikuwa mawili, yamefichwa chini ya kitanda.

Siku ya tatu nilikwenda kumtazama. Alikuwa amelala kwa mto mmoja, mtoto kifuani.

Ukiwa na mjamzito nyumbani, au mzazi aliyejifungua juzi, muulize leo. Kichwa kinamuuma? Anaona vimulimuli machoni? Anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia? Anakosa pumzi akilala? Akisema ndiyo hata kwa moja, mpeleke usiku huohuo apimwe presha na mkojo. Na mkifika, usione haya kumuuliza nesi ni maji kiasi gani anayompa.