Je, Ni Halali Kulala Miaka Mia?

Katika michezo fulani ya kubuni safari za nyota, wasafiri hulazwa katika baridi kali, waamke baada ya miaka mia bila kuzeeka. Kijana mmoja aliniuliza: «Mwalimu, je, ni vibaya kutamani usingizi huo?»

Sisi wa Beni na Butembo twaijua kazi ya baridi. Ebola ilipotujia mwaka 2018, chanjo yake ilipaswa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, au kali zaidi. Haikujilinda yenyewe. Watunzaji wangalizembea, ingaliharibika.

Lakini mwili wa mtu si chanjo. Maji yaliyomo ndani yake yakiganda, barafu huuharibu. Huko Marekani maiti ya James Bedford imegandishwa tangu mwaka 1967. Hajaamka, wala hakuna mwingine aliyeamka.

Tuseme basi ingewezekana. Nani angekesha miaka mia? Mwenye kulala amtwika mlinzi mzigo asioweza kumsaidia kuubeba. Na mama yake angezikwa na nani? Siku za Ebola wengi wetu tulizuiwa kuwaosha wafu wetu, nasi twaujua uchungu huo. Huyu angeuchagua mwenyewe. Akiamka, atamwona wapi jirani aliyemkosea, apate kumwomba radhi?

Nikamjibu: «Cheza, mwanangu. Lakini usitamani kesho kwa kuikimbia leo, maana deni la leo hulipwa na aliye macho.»