Moyo Umerudi, Mtu Je?

Mtu akianguka barabarani na moyo ukasimama, nani atamwuliza kama anakubali kuingizwa kwenye utafiti? Hawezi kujibu, na dakika zinakimbia. Ndiyo maana utafiti wa PARAMEDIC2, uliofanyika Uingereza kati ya Desemba 2014 na Oktoba 2017, uliwakera baadhi ya watu. Wagonjwa 8,014 waliosimama moyo nje ya hospitali walipewa ama adrenalini ama maji ya chumvi tu, na mhudumu wa ambulensi mwenyewe hakujua ameshika ipi. Ridhaa ilitafutwa baadaye. Asiyetaka kuhusishwa aliweza kuomba bangili ya kuvaa mkononi, lakini jamani, nani huvaa bangili akijiandaa kuanguka?

Maji ya chumvi kwa mtu anayekufa! Unasikia ukatili.

Ila tusichanganye mambo. Aliyeumwa na nyuki, koo linaziba kwa mzio, adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja humwokoa, na hakuna daktari anayebishana hapo. Moyo wake bado unasukuma damu. Moyo ukishasimama ni habari nyingine. Mgonjwa hupigwa miligramu 1 kwenye mshipa, kila baada ya dakika 3 hadi 5. Dawa hubana mishipa ya mwilini ili ile damu kidogo inayosukumwa kwa kukandamiza kifua ielekee moyoni. Inashukiwa kwamba hubana pia vijishipa vya ubongo. Kwa miongo mingi ilitolewa hivyo hivyo, bila jaribio kubwa la kuilinganisha na kutotoa kitu. Hilo nalo lilikuwa jaribio, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa akihesabu. Kwa hiyo mimi nasimama na watafiti.

Majibu yalitoka 2018. Baada ya siku 30 walikuwa hai asilimia 3.2 ya waliopewa adrenalini, na 2.4 ya waliopewa maji. Lakini kati ya hao walionusurika, wenye madhara makubwa ya ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa dawa, 17.8 upande wa maji.

Kabla ya utafiti wagonjwa na wananchi waliulizwa wanathamini nini zaidi. Walisema kupona na akili timamu, si kupona tu. Miongozo ya tiba bado inaagiza adrenalini. Naelewa: ndugu aliyesimama pembeni ya machela haulizi habari za ubongo, anauliza kama mapigo yamerudi. Swali ni kama yeye ndiye wa kujibiwa kwanza, au yule aliyelala.